Keki ya siku moja, deni la miezi: Bethidei za watoto zinavyowaelemea wazazi

Ujumbe huingia kwenye simu usiku, watu wakiwa wamemaliza kula. "Wapendwa wazazi, Jumamosi ijayo mwanetu anatimiza miaka 5. Karibuni tule naye keki. Rangi za siku ni dhahabu na nyeupe." Chini yake kuna picha ya mtoto aliyevaa taji na namba ya simu ya kutumia mchango.

Ndani ya dakika chache majibu yanamiminika. Hongera sana. Mungu amkuze. Tupo pamoja. Lakini kwenye nyumba kadhaa ambako ujumbe huo umesomwa, yupo mzazi anayeilaza simu kifudifudi na kuanza kupiga hesabu kimoyomoyo: zawadi, nguo nyeupe ambayo mtoto hana, nauli ya bodaboda, na swali litakalokuja kesho asubuhi kutoka kwa mtoto wake mwenyewe. Mama, na ya kwangu lini?

Zamani watu walidhani mambo haya ni ya Masaki na Njiro. Siku hizi yanazungumzwa hata Lusu, kata ya Wilaya ya Nzega mkoani Tabora, ambako kipato cha familia nyingi kinatoka shambani, kwenye mifugo, kwenye biashara ndogondogo na kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu. Simu imefika kaya nyingi, na picha za sherehe za watoto wa mjini zimefika pamoja nayo.

Sherehe ya mtoto ni jambo la furaha, na hakuna mzazi anayepaswa kuionea haya. Tatizo linaanza pale furaha ya saa tatu inapolipiwa kwa fedha ya sare za shule, ya mbegu, au ya mkopo ambao mzazi hana uhakika wa kuurejesha.

Hesabu isiyoandikwa

Wazazi wengi hawajui sherehe imewagharimu kiasi gani kwa sababu fedha hutoka kidogokidogo. Leo maputo, kesho soda, keshokutwa mtu wa picha. Mwisho wa wiki mfuko ni mtupu na hakuna anayekumbuka ulivyotobolewa.

Chukulia familia moja ya mfano. Baba ni mchimbaji mdogo, mama anauza mchele sokoni, na mtoto wao anatimiza miaka 5. Hawataki makuu. Wanataka watoto 25 wa jirani na wa shuleni, na watu wazima wachache wa ukoo.

Keki ya kilo mbili, Sh50,000. Kreti mbili za soda, Sh30,000. Mchele wa pilau, Sh20,000. Nyama kilo tano, Sh50,000. Mafuta, viungo, vitunguu na mkaa, Sh20,000. Maputo na mapambo ya ukutani, Sh40,000. Mpiga picha, Sh30,000. Nguo na viatu vya mtoto, Sh35,000. Mifuko ya pipi na vijizawadi vya watoto 25 kuondoka navyo, Sh50,000. Kukodi viti na turubai, Sh30,000. Spika na mtu wa muziki, Sh30,000.

Jumla ni Sh385,000. Bei hizi ni za mfano, na kila mzazi anaweza kuweka za sokoni kwake. Lakini hata akipunguza hapa na pale, hesabu haiendi mbali na hapo.

Sasa linganisha. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilikuwa Sh370,000 kwa mwezi kabla ya kupandishwa hadi Sh500,000 kuanzia Julai 2025. Maana yake, sherehe hiyo isiyo ya makuu ingeumeza mshahara wote wa mwezi wa zamani na kubaki na njaa. Mama wa mfano wetu, kama faida yake sokoni ni Sh8,000 kwa siku, angelazimika kuuza mchele zaidi ya siku 48 bila kula wala kununua sabuni ili kuilipia.

Bei zilivyopanda

Sehemu ya mzigo huu haikuletwa na wazazi. Vitu vinavyotengeneza sherehe ya mtoto ndivyo hivyo vilivyoyumba bei kwa miaka ya karibuni.

Keki ni ngano, sukari, mayai na mafuta. Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, nchi mbili zinazouza ngano na mafuta ya alizeti kwa wingi duniani ziliingia kwenye mapigano, na bei ikapanda hadi kwenye chapati ya mtaani. Mafuta ya magari nayo yalipanda, kiasi kwamba kuanzia Juni 2022 Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi. Kila kinachosafirishwa hadi Nzega kwa lori hubeba gharama ya dizeli mgongoni.

Kisha ikaja zamu ya sukari. Mwanzoni mwa mwaka 2024 iliadimika, baada ya mvua za El Niño kuvuruga uvunaji wa miwa na kazi za viwandani. Januari mwaka huo Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi, lakini wanunuzi wengi walikutana na bei nyingine kabisa dukani. Kwa mama anayeoka keki nyumbani na kuuza, ilikuwa ama apandishe bei ama ale hasara.

Hata kifungashio kimebadilika. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na ile mifuko ya vijizawadi ambayo mzazi angeipata kwa bei ya chini sasa ni ya karatasi au ya kitambaa. Ni jambo jema kwa mazingira na kwa mifugo iliyokuwa ikimeza plastiki, ila nalo liko kwenye hesabu.

Si bei tu, vitu vimeongezeka

Hata hivyo, bei peke yake haielezi kila kitu. Mzazi aliyezaliwa miaka ya 1980 akikumbuka sherehe ya utotoni, kama aliwahi kuwa nayo, anakumbuka pilau, juisi ya rangi, pengine maandazi, na watoto wakimwagiana maji. Kumwagiwa maji ndiyo ilikuwa bethidei yenyewe. Haikugharimu kitu zaidi ya ndoo moja ya kisimani.

Leo orodha imekua. Kuna rangi za siku na sare za familia. Kuna ukuta wa maputo wenye jina la mtoto. Kuna mshereheshaji. Kuna shughuli ya kulishana keki, ambapo makundi huitwa mbele moja moja: babu na bibi, shangazi, wajomba, majirani, wafanyakazi wenzake baba. Anayeitwa hawezi kwenda mikono mitupu, maana kamera iko pale na jina lake limetajwa kwenye kipaza sauti.

Taratibu hizi si za mtoto. Zimetoka kwenye harusi na sendofu, zikashuka kwenye kipaimara na komunyo ya kwanza, zikaingia kwenye mahafali ya chekechea, na sasa zimemfikia mtoto wa mwaka mmoja ambaye wakati wa kulishwa keki anataka kulala.

Na mahali ambapo kila familia inaona sherehe ya mwenzake kwenye simu, hakuna anayetaka ya kwake iwe ndogo kuliko ya mwezi uliopita. Aliyealika watoto 20 anafuatwa na aliyealika 30. Aliyeweka keki ya ngazi moja anafuatwa na aliyeweka mbili. Hakuna aliyekaa kikao na kukubaliana hivyo.

Wapo pia wanaonufaika, na ni haki wasemwe. Mwokaji keki wa mtaani mara nyingi ni mama mwenye jiko moja anayesomesha watoto kwa kazi hiyo. Mpamba ukumbi ni kijana aliyekosa ajira. Mpiga picha anategemea Jumamosi. Fedha inayotoka kwa mzazi mmoja inaingia kwa mwingine wa mtaa uleule, na mzazi anayetaka kupunguza gharama hana sababu ya kuwaona hao kama maadui.

Tarehe ilipokuwa ndani ya jina

Kwa wazee wa Unyamwezi, bethidei ni ngeni. Wengi wao hawajui tarehe waliyozaliwa. Wanajua walizaliwa mwaka wa njaa fulani, au mwaka wa Uhuru, au kabla kidogo ya Vita vya Kagera. Lakini hiyo haina maana kwamba kuzaliwa kwao hakukuhesabiwa. Kuliwekwa ndani ya jina.

Mabula na Kabula ni majina ya watoto wa mvua, wa kiume na wa kike. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayewafuata ni Shija. Mtu akiitwa jina lake, anakumbushwa siku yake kila siku ya maisha, bila keki. Kuzaliwa kwa mapacha kulikuwa na ngoma na taratibu zake, na ukoo mzima ulishiriki.

Dini nazo zilikuja na sherehe zao. Waislamu wana akika, inayofanywa siku ya saba baada ya mtoto kuzaliwa, kwa kawaida mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, na nyama huliwa na familia, majirani na maskini. Wakristo wana ubatizo. Katika zote mbili, mtoto hutambulishwa kwa jamii mara moja. Hairudiwi kila mwaka. Hadi leo wapo waumini, Waislamu na Wakristo, wasioadhimisha kabisa siku ya kuzaliwa, na mtoto wao hapaswi kuonekana amenyimwa kitu.

Na keki yenye mishumaa ilitoka wapi? Moja ya habari za mwanzo zilizoandikwa kuihusu inatoka Ujerumani mwaka 1746, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, kiongozi wa Wamoraviani. Keki ilikuwa kubwa kadiri tanuri lilivyoweza kuoka, ikatobolewa matundu kwa idadi ya miaka yake, na kila tundu likachomekwa mshumaa. Aliyeandika habari hizo, Andreas Frey, hakuwa akisifu. Alikuwa akilalamikia ubadhirifu.

Kanisa hilohilo la Moravian lilikuja kupokea kituo cha misheni cha Urambo mwaka 1898, na leo Jimbo lake la Magharibi lina makao yake Tabora. Kwa hiyo malalamiko kuhusu gharama za keki yana umri unaokaribia ule wa keki yenyewe.

Kujionyesha nako si kugeni kwenye njia hii. Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, wapagazi wao walivaa nguo zao bora na bunduki zikafyatuliwa hewani, kama ilivyokuwa desturi ya misafara. Watu waliotembea kwa miezi wakiwa na vumbi hawakutaka kuingia mjini wakionekana wamechoka. Njiani, msafara ulikuwa umelipa hongo kwa kila mtemi ambaye nchi yake ilikatizwa, vitambaa hapa, shanga pale, na mizigo ilipungua kabla ya safari kuisha. Mzazi wa leo anayelipa mapambo, kisha picha, kisha muziki, kisha mifuko ya pipi, anaijua hali hiyo.

Furaha yenyewe si ujinga

Kabla ya kuwalaumu wazazi wanaosherehekea mwaka wa kwanza wa mtoto, ni vizuri kukumbuka mwaka huo una maana gani hapa nchini.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004/05 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 112 walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha idadi hiyo imeshuka hadi 43, na kati yao 33 hawafikishi mwaka mmoja. Haya ni mafanikio makubwa ya chanjo, vyandarua na zahanati. Lakini kila mtaa bado una mama aliyewahi kurudi nyumbani bila mtoto.

Mzazi aliyemlaza mtoto wadi na degedege akiwa na miezi minne, kisha akamwona anasimama dede siku anayotimiza mwaka, ana haki ya kufurahi. Bibi aliyezika watoto wawili enzi zake ana haki ya kupiga vigelegele. Mtu anayemwambia mama wa namna hiyo kwamba anapoteza fedha hajaelewa anachosherehekea.

Swali basi si kama mtoto asherehekewe. Swali ni nani analipa, kwa fedha ipi, na kwa muda gani baadaye.

Fedha ya duara na fedha ya kausha damu

Lusu ni nchi ya dhahabu. Karibu na hapo ndipo ulipokuwa mgodi wa Golden Pride, mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa wa dhahabu nchini, ulioanza uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuusitisha mwaka 2013. Eneo hilo limewahi kuonja maisha ya mshahara wa kila mwezi, na limeonja pia siku mshahara huo ulipokoma.

Fedha ya mchimbaji mdogo haiji kila mwezi. Inaweza kupita miezi watu wakishuka duarani na kutoka na mawe matupu. Kisha siku moja mwamba unakubali, mawe yanapelekwa karasha, na baada ya kuosha mtu anarudi nyumbani na fedha ambazo hajazishika mwaka mzima. Kama wiki hiyo mtoto anatimiza umri, sherehe itakuwa kubwa. Mwaka unaofuata duara limekauka, lakini mtoto anakumbuka ya mwaka jana, na majirani pia.

Kwa mkulima, mambo ni ya msimu. Aliyevuna mpunga na kuuza ana uwezo katikati ya mwaka. Mtoto aliyezaliwa Januari ana bahati mbaya ya kalenda, maana siku yake inaangukia wakati ghala linapungua, shamba linataka palizi, na shule zinafunguliwa. Elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 iliwaondolea wazazi ada, lakini sare, viatu, madaftari na chakula cha mtoto bado viko mikononi mwao.

Hapo ndipo mkopo unapobisha hodi. Mikopo ya mtaani ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu haina maswali mengi. Chukulia mama wa mfano wetu amekopa Sh200,000 na kutakiwa kurejesha Sh65,000 kila wiki kwa wiki nne. Atakuwa amelipa Sh260,000. Keki iliisha siku ileile. Sh60,000 za ziada hazikununua hata soda moja. Akishindwa wiki ya pili, anakopa kwingine ili alipe hapa. Wahenga walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Mikopo ya kwenye simu nayo imekuwa na mitego yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila kibali. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo walilalamikiwa kwa kuwatangaza wadaiwa kwa ndugu na marafiki waliomo kwenye simu zao. Fikiria namba zilezile zilizoalikwa kwenye sherehe zikipokea ujumbe kwamba mwenye sherehe hajalipa.

Mtoto anaonaje

Watu wazima wengi hawakumbuki chochote kilichowapata kabla ya kutimiza miaka mitatu hivi. Sherehe ya mwaka wa kwanza na wa pili, kwa hiyo, ni ya wazazi na ukoo. Mtoto ataiona kwenye picha tu. Hilo si kosa, ila linasaidia kuamua nani wa kualikwa na nini cha kununua.

Mtoto wa miaka mitano hadi kumi ni habari nyingine. Huyu anakumbuka, na anachokumbuka mara nyingi si kile kilichokula fedha. Atakumbuka mchezo wa kukimbia na gunia. Atakumbuka kwamba shangazi alikuja kutoka Tabora mjini. Atakumbuka ndoo ya maji aliyomwagiwa na kaka yake alipokuwa hajajiandaa. Ukuta wa maputo ataukumbuka zaidi mzazi, kwa sababu yeye ndiye aliyeulipia.

Mtoto wa umri huu anakumbuka jambo jingine pia: kutokualikwa. Darasani, mtoto mmoja anapogawa kadi kwa watoto 15 kati ya 40, wale 25 wanajua. Na mtoto aliyealikwa lakini nyumbani hakuna fedha ya zawadi anaweza kuambiwa aseme alikuwa anaumwa. Hapo gharama ya sherehe imehamia kwa familia ambayo haikuwa na sherehe, na mtoto amejifunza kudanganya ili kuficha umaskini.

Wazazi wanaweza kupanga wenyewe

Zipo nchi zilizoamua kuingiza sheria. Tajikistan, iliyoko Asia ya Kati, ilipitisha mwaka 2007 sheria ya kudhibiti sherehe, na chini yake bethidei inatakiwa kufanywa nyumbani na wanafamilia. Mwaka 2015 kijana mmoja alitozwa faini kwa kusherehekea na marafiki mgahawani. Wachache hapa nchini wangetaka mgambo wahesabu maputo.

Lakini wazazi wa mtaa mmoja au darasa moja wanaweza kukubaliana wenyewe, kama wanavyokubaliana kwenye kikoba. Yafuatayo hayahitaji sheria.

Kwanza, andika kiwango kabla ya kuandika wageni. Amua fedha iliyopo, isiyo ya sare wala ya mbegu, kisha uliza inatosha nini. Kama ni Sh60,000, basi ni sherehe ya Sh60,000. Pilau ya familia, keki ndogo au maandazi, na juisi ya ukwaju au ubuyu vinaweza kutosha.

Pili, waambie wageni mapema kwamba zawadi si lazima. Sentensi moja kwenye ujumbe wa mwaliko inaweza kumwokoa jirani. Marekani, Uingereza na Kanada baadhi ya wazazi wameanzisha utaratibu ambao kila mgeni huleta kiasi kidogo kinacholingana, na mtoto ananunua zawadi moja ya maana. Watanzania wanaijua michango tangu zamani. Kinachohitajika ni kuiwekea kiwango ambacho hata mama muuza mchicha anaweza kukitoa bila kuona aibu.

Tatu, unganisha. Watoto watatu wa mtaa mmoja waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kuwa na siku moja, keki moja na sufuria moja. Gharama ya Sh385,000 ikigawanywa kwa nyumba tatu haifiki Sh130,000 kila nyumba, na watoto wanapata wageni walewale.

Nne, chagua miaka. Si lazima kila mwaka uwe na sherehe kubwa. Familia inaweza kuamua mwaka wa kwanza, wa tano na wa kumi. Miaka mingine mtoto anachagua chakula cha siku hiyo, anamwagiwa maji, na anasamehewa kuosha vyombo. Mtoto akiujua mpango huo mapema, hauoni kama adhabu.

Tano, kama sherehe ni lazima iwe kubwa, ianze kulipiwa mwaka mmoja kabla. Sh1,000 kwa siku mbili ni zaidi ya Sh180,000 kwa mwaka. Kuku watatu waliotengwa mapema kwa ajili ya siku hiyo wana nafuu kuliko kuku watatu wa kununua Ijumaa jioni.

Sita, kwa mtoto mdogo, fikiria zawadi ya kwanza ambayo haitaisha. Wapo watoto wenye picha 200 za bethidei na hawana cheti cha kuzaliwa. Mpango wa RITA wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5, ulioanzia Mbeya na kusambazwa katika mikoa mingine, umewezesha cheti cha kwanza kutolewa bila malipo kwenye ofisi za kata na vituo vya afya. Cheti hicho kitaulizwa shuleni na kwenye kitambulisho cha taifa, muda mrefu baada ya keki kusahaulika.

Na kama umealikwa na huna kitu, mpeleke mtoto. Mwenye sherehe wa kweli anafurahi kuona watoto. Chungwa moja, daftari moja, au kadi iliyochorwa na mtoto mwenyewe ni zawadi. Mzazi anayempokea mtoto wa jirani aliyekuja mikono mitupu, akamketisha mbele na kumpakulia sawa na wengine, amewafundisha watoto wote walioko pale somo ambalo mshereheshaji hawezi kulitoa.

Swali la asubuhi

Mama wa mfano wetu bado ana swali la kujibu. Mtoto amemwona mwenzake na taji, na anauliza yake lini.

Anaweza kumwambia tarehe. Watoto wengi wa umri huo hawaijui siku yao ya kuzaliwa hadi waambiwe. Anaweza kumsimulia siku hiyo ilivyokuwa: mvua ilinyesha au haikunyesha, nani alimpeleka zahanati, bibi alisema nini alipomshika mara ya kwanza, na kwa nini anaitwa jina lake. Mtoto atauliza maswali, na atataka asimuliwe tena kesho.

Kisha wanaweza kukaa pamoja na kupanga. Wageni wanne. Wali na kuku mmoja. Keki ndogo kutoka kwa mama mwokaji wa jirani. Ndoo ya maji nyuma ya nyumba, ambayo mwenye siku yake hatakiwi kuiona.

Na Jumatatu asubuhi mtoto aende shule akiwa na sare yake, na mama aende sokoni akiwa hadaiwi na mtu.